Walioandikwa na Waliopo

Mwezi Julai hapa Sumbawanga si mwezi wa mchezo. Upepo unavuma kutoka upande wa milima ya Mbizi, unapita juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa mahindi, na mzee kama mimi niliyevuka miaka sabini hutafuta mahali karibu na jiko la mkaa na kutulia hapo mpaka jua lipande. Asubuhi moja ya Julai mwaka 2024 nilikuwa nimekaa hivyo, nimejifunika blanketi, mjukuu wangu alipotoka chumbani na kompyuta yake mkononi. Alikuwa nyumbani kwa likizo kutoka Mbeya anakosomea mambo ya kompyuta.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umelala kweli wewe?"

"Sijalala. Hii intaneti inaniongopea."

Nikamwambia aketi, anywe uji kwanza, kisha anieleze uongo wenyewe. Mimi si mtaalamu wa mashine hizo. Simu yangu naijua kwa kupiga, kupokea na kutuma fedha. Lakini nimekuwa mwalimu tangu nilipotoka chuo cha ualimu mwaka 1971 mpaka nilipostaafu mwaka 2010, na nusu ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule za msingi. Mwalimu mkuu ni mtu wa kuhesabu. Anahesabu watoto, madawati, chaki, vitabu, siku za utoro na magunia ya mahindi ya shamba la shule. Kwa hiyo mjukuu aliponiambia kwamba kazi aliyopewa ni ya kuhesabu, nilijongea kidogo na kusogeza sikio.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Iko mitandao ya majadiliano ambayo haina makao makuu. Ile mitandao mikubwa tunayoijua, kama Facebook, ni mali ya kampuni moja, na kampuni hiyo ikitaka kujua ina wateja wangapi inafungua daftari lake lenyewe. Lakini iko mingine iliyojengwa kwa namna ya vijiji. Kikundi cha watu, au hata mtu mmoja, anaweka mashine yake inayoitwa seva, anaweka kanuni zake na kuwakaribisha wageni wake. Seva hiyo inazungumza na seva nyingine kwa lugha moja waliyokubaliana, na mtu aliyeandika neno katika seva moja anasomwa na kujibiwa na mtu aliye katika nyingine. Ni kama barua inayotoka Laela kwenda Namanyere bila kupita Dodoma kugongwa muhuri. Mmoja wa mitandao hiyo unaitwa Mastodon, ulioanzishwa mwaka 2016 na kijana mmoja huko Ujerumani, Eugen Rochko. Mwingine unaitwa Lemmy, na huu ndio hasa wa majadiliano: watu wanafungua baraza la mada fulani, mmoja anatoa hoja, wengine wanajibu chini yake.

Mwalimu wake aliwaambia: nendeni mkahesabu seva za mtandao huo, mje na idadi. Mjukuu akatafuta orodha tatu zilizokwisha kutengenezwa na watu wengine, akakuta kila moja ina tarakimu yake. Akarudia siku ya pili, zote tatu zikawa zimebadilika. Ndiyo maana alisema anaongopewa.

"Haziongopi," nikamwambia. "Kila moja imeuliza kwa njia yake. Niambie zimeulizaje."

Akanieleza, na nitajaribu kumweleza ndugu msomaji kama nilivyoelewa. Kwa kuwa hakuna daftari kuu, anayehesabu huanza na seva moja anayoijua. Anaiuliza: wewe unawafahamu nani? Seva inampa majina ya jirani zake wote iliowahi kuzungumza nao. Anakwenda kwa kila jirani na kuuliza swali lile lile, na anaendelea hivyo mpaka afike mahali ambapo haletewi jina jipya tena. Kisha anarudi kwa kila jina na kuuliza maswali ya nyumbani: unatumia programu gani, una watu wangapi walioandikishwa, wangapi wamefanya jambo lolote mwezi huu, wangapi katika miezi sita. Seva nyingi zina karatasi ndogo ya majibu hayo iliyokwisha kuandaliwa kwa ajili ya kila mpita njia. Yote hayo yanafanywa na programu kwa muda mfupi, lakini kazi ni ile ile ya kutembea nyumba kwa nyumba.

Hapo nilicheka, kwa sababu kazi hiyo nimeifanya kwa miguu. Agosti 1978 nilikuwa karani wa sensa, kama walimu wengi wa wakati ule. Mkoa wetu wa Rukwa ulikuwa mchanga, umeanzishwa mwaka 1974, na vijiji vilikuwa vimehamahamishwa kiasi kwamba ramani na nchi havikukubaliana. Nilipewa fomu, penseli na eneo. Siku tulizofundishwa kabla ya kazi, saa nyingi zilikwenda katika neno moja tu: kaya. Kaya ni nini? Si nyumba, maana nyumba moja inaweza kuwa na kaya mbili. Si ukoo, maana ukoo umetawanyika. Tukaambiwa kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Na aliyehesabiwa ni yule aliyelala hapo usiku ule, si yule ambaye kwao ni hapo. Mtu aliyeshuka kuvua katika Ziwa Rukwa alihesabiwa kule ziwani, hata kama mkewe alisisitiza kwamba yupo, anarudi Jumamosi.

Nikamwuliza mjukuu: kaya yako ni nini? Akababaika. Seva ya mtu mmoja anayezungumza peke yake, ni seva? Na mashine moja yenye majina mawili, ni moja au mbili? Ile iliyowashwa Jumatatu kwa majaribio na kuzimwa Jumatano? Orodha moja ilihesabu kila jina lililowahi kusikika. Nyingine ilihesabu zile tu zilizojibu jana. Ya tatu iliacha zile ambazo hazina mtu aliyeandika neno mwezi mzima. Tarakimu tatu, maswali matatu. Mtu aliyesikia tarakimu bila kusikia swali hajaambiwa kitu.

Jambo hili si geni, wala halikuanza na vijana wa leo. Huko Marekani mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni mtandao wa majadiliano ulioitwa Usenet, ambao nao haukuwa na makao makuu. Mashine zilipigiana simu, nyingi kati yake usiku, na kupokezana ujumbe. Ulipokua, watu wakauliza: tuko wangapi? Hakuna aliyejua. Kuanzia mwaka 1986 mtu mmoja aitwaye Brian Reid, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya Digital, akawa anatoa taarifa za kila mwezi. Kila ujumbe wa Usenet ulibeba mstari wenye majina ya mashine ulizopitia, kama mzigo wa reli wenye alama ya kila stesheni. Kwa kukusanya mistari hiyo aliweza kuona majina ya mashine ambazo hajawahi kuzungumza nazo. Na kwa wasomaji, aliwaomba wasimamizi wa mashine waendeshe programu ndogo ya kuhesabu nani anasoma nini na kumtumia majibu. Walioitikia ndio waliohesabiwa. Wengine wote walikisiwa kwa kuzidisha. Hapo palikuwa na udhaifu wa wazi: anayekubali kuhesabiwa huenda si sawa na anayekataa.

Na hapa kwetu Afrika Mashariki tulikuwa na mfano wetu. Mwaka 1984 Mmarekani Tom Jennings alianzisha mtandao uitwao FidoNet, wa kompyuta ndogo za watu binafsi zilizopigiana simu usiku wakati gharama iko chini. Huu ulifaa sana nchi zenye simu mbovu, kwa sababu haukuhitaji laini iliyo wazi mchana kutwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na vituo vya FidoNet Nairobi, katika shirika la mazingira la ELCI. Kampala, katika Chuo Kikuu cha Makerere. Na Addis Ababa. Madaktari nao walikuwa na mtandao wao wa namna hiyo, HealthNet, uliofika mpaka Muhimbili, Dar es Salaam. Barua iliyokwenda Ulaya ililala kituoni mpaka usiku, ikachukuliwa kwa simu ya London.

FidoNet waliamua kutatua suala la kuhesabu kwa njia nyingine: waliandika orodha. Kila wiki ilitolewa orodha ya vituo vyote duniani, vimepangwa kwa kanda, na Afrika ilikuwa kanda ya tano. Anayetaka kuingia anapeleka jina kwa mratibu wa eneo lake, mratibu anapeleka juu, na orodha inashuka tena kwa kila mtu. Katikati ya miaka ya 1990 ilipita vituo 30,000. Ilikuwa hesabu nzuri kuliko ya Usenet, lakini ilikuwa na ugonjwa wake. Kituo kiliandikwa siku kilipozaliwa. Siku kilipokufa, nani angeandika? Mwenye kituo amehama, simu imekatwa, mratibu ana kazi zake. Jina linabaki kwenye orodha wiki baada ya wiki.

Tuliokulia Ufipa tunaifahamu hali hiyo kwa macho. Katika uwanda huu wa juu wamebaki malungu, yale matanuru marefu ya udongo ambamo mababu zetu walifua chuma kutoka mawe ya hapa hapa. Mengine yanazidi kimo cha mtu mara mbili na yangali yamesimama katikati ya nyasi. Mgeni akija na daftari, akahesabu matanuru, anaweza kuandika kwamba Wafipa ni wafua chuma wengi. Lakini moto ulizimika katika zama za ukoloni, majembe ya dukani yalipoingia. Tanuru lipo na mfuaji hayupo.

Nilipomwambia mjukuu hilo, alinionyesha jambo lililotokea katika ule mtandao wa Lemmy. Juni 2023 watu wengi walihamia huko kwa hasira baada ya mtandao mkubwa wa Reddit kubadili masharti yake. Idadi ya walioandikishwa ikapanda, na ghafla ikapita milioni moja. Watu wakashangilia, kumbe sehemu kubwa ya majina hayo yaliandikishwa na programu, si na watu, katika seva ambazo wenyewe waliacha mlango wazi bila bawabu. Waliokuwa wameandika neno lolote mwezi ule walikuwa makumi ya maelfu tu. Kisha Desemba mwaka huo wenye programu walibadili maana ya mtu aliye hai. Zamani alihesabiwa aliyeandika. Sasa akahesabiwa pia aliyepiga kura tu kwenye hoja ya mwenzake. Kwa badiliko hilo hesabu inaweza kupanda bila mtu mmoja kuongezeka.

"Basi babu, hesabu ya kweli haiwezekani?"

Nikamwambia inawezekana kuikaribia, na nikamwomba karatasi. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Denmark mtaalamu wa samaki aitwaye Petersen alitia samaki alama na kuwarudisha majini. Hesabu inayobeba jina lake ni hii. Tia alama samaki 100, waachie wachanganyike na wenzao, kisha vua tena. Ukipata 80, na 20 kati yao wana alama, basi wenye alama ni robo. Na kama 100 ni robo, majini mna samaki kama 400. Umekisia wale usiowaona kwa kuwatazama vizuri wale uliowaona mara mbili.

Tukaifanya kwa seva, kwa tarakimu za darasani tu. Orodha ya kwanza ina majina 600, ya pili ina 500, na majina 400 yamo katika zote mbili. Katika yale 500 ya orodha ya pili, orodha ya kwanza imeyaona 400, yaani manne katika kila matano. Basi huenda majina yake 600 nayo ni manne katika matano ya wote, na wote ni 750. Ukiunganisha orodha mbili unapata majina 700. Ziko kama 50 ambazo hakuna aliyeziona.

"Na huenda ni zaidi," nikamwambia. "Kwa sababu seva kubwa inajulikana na kila mtu, itakuwa katika kila orodha. Ndogo iliyo pembeni haijulikani na yeyote. Wanaoonekana mara mbili ni wakubwa. Ukikisia kwa kuwatazama wakubwa, unawapunja wadogo."

Alifurahi sana. Akafanya kazi siku mbili, akinunua bando kwa fedha ya bibi yake. Siku ya tatu jioni akaja tena karibu na jiko, safari hii na sauti ya chini kidogo. Alikuwa amefika mwisho wa orodha yake, lakini seva nyingi hazikujibu. Baadhi huenda zimekufa. Nyingine huenda zimezimika kwa siku hiyo tu. Nyingine zilijibu kwamba hazitaki kuhesabiwa. Mwenye seva anaweza kuweka tangazo mlangoni la kukataza programu za namna hiyo. Kazi ilitakiwa kutumwa Jumatatu.

"Babu, zile ambazo hazikujibu, nikiziandikia tarakimu zao za mwaka jana, kuna ubaya? Kila mtu anafanya hivyo. Jumla itakaa vizuri."

Sikumjibu upesi. Nilichochea mkaa. Maneno yale, jumla itakaa vizuri, niliwahi kuyasema mimi.

Ndugu msomaji wa umri wangu atakumbuka kisomo. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima wapatao wawili katika kila watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Nchi nzima iliingia darasani: chini ya miembe, katika maghala, makanisani, misikitini. Mitihani ya taifa ilifanyika mwaka 1975, 1977, 1981, 1983 na 1986, na kila mara idadi ya wasiojua ilishuka, mpaka mwaka 1986 ikatangazwa kuwa imebaki asilimia 9.6. Ilikuwa kazi kubwa na naiheshimu mpaka leo. Niliona kwa macho yangu mzee akiandika jina lake kwa mara ya kwanza, mkono ukitetemeka, na kisha kuikunja karatasi na kuondoka nayo. Siwezi kuzisemea tarakimu za taifa. Nitasema yangu tu.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu katika kijiji kimoja cha uwandani ambacho sitakitaja, na madarasa ya kisomo ya kijiji yalikuwa chini yangu. Katika daftari yalikuwa matano. Yaliyokuwa hai yalikuwa mawili. Mafuta ya taa yalikuwa adimu, kama vilivyokuwa adimu sabuni na chumvi miaka ile. Darasa moja lilifundishwa na kijana aliyemaliza la saba. Posho yake ndogo ilipochelewa, alishuka bondeni kuvua samaki na hakurudi. Wanafunzi wake wakaja wiki mbili, wakakuta ghala limefungwa, wakaacha. Mimi sikulifuta darasa lile. Kila mwezi niliandika wanafunzi 31, kwa sababu mwezi uliotangulia niliandika 31.

Mtihani ulipofika, waliokuja walikuwa wachache. Fomu ilikuwa na mistari, na mistari mitupu inamtazama mwalimu mkuu kwa namna mbaya. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijua tu kwamba vijiji vya jirani vitapeleka tarakimu nzuri. Basi usiku, kwa koroboi, niliwajaza ambao hawakuja. Nikawapa hatua ya tatu, maana aliyefika hatua ya tatu alihesabiwa anajua. Jumla ikakaa vizuri. Orodha ya waliofaulu ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji, na watu wakapiga makofi.

Miezi kadhaa baadaye mama mmoja alinijia nyumbani jioni, baada ya watu kuingia ndani. Alikaa kitambo kirefu akizungumzia mvua na ulezi. Ndipo alipofungua pindo la kanga na kutoa bahasha iliyochakaa.

"Mwalimu, macho yangu hayaoni vizuri. Nisomee."

Ilikuwa barua ya mwanawe kutoka Mbeya. Amelazwa hospitali, mguu umevunjika vibaya, hana mtu wa kumletea chakula, mama aje au amtume mdogo wake. Niliangalia tarehe. Barua ilikuwa na miezi minne.

Nilimwuliza kwa nini hakumpa hata mtoto wa shule aisome. Akatazama chini. Akasema jina lake liko mlangoni. Watu wote wanajua kwamba anajua. Angekwendaje kwa mtoto kuomba asomewe? Mwanzoni alitazama lile jina akidhani huenda serikali imeona ndani yake elimu ambayo yeye mwenyewe haijui. Alifungua barua kila usiku na kujaribu. Alizitambua herufi za jina la mwanawe, basi.

Alikwenda Mbeya wiki ile ile kwa lori la mahindi. Mwanawe alikuwa amekwisha kutoka hospitali na hakuna aliyejua alikoelekea. Alirudi nyumbani baada ya miaka miwili, anachechemea, na kwa muda mrefu hakumsamehe mama yake kwa ukimya ule. Mimi nilikuwa naweza kumweleza. Sikumweleza. Mama yule alifariki mwaka 1999 akiniita mwalimu kwa heshima ile ile.

Na liko jambo la pili, ambalo nililiona baadaye zaidi. Darasa lililoandikwa kuwa hai haliletewi mwalimu mpya. Kijiji kilichoandikwa kuwa kinajua hakiletewi taa. Kama ningeandika "darasa limefungwa, mwalimu ameondoka", huenda wangenikaripia, na huenda wangeleta mtu. Kwa kulijaza nililifunga kabisa.

Hayo yote nilimwambia mjukuu jioni ile. Nilikuwa sijamwambia mtu, hata bibi yake, ambaye alikuwa jikoni na nadhani alisikia, kwa kuwa sufuria zilinyamaza. Kijana alikaa kimya. Kisha akauliza kama kila seva isiyojibu ina mama kama yule ndani yake. Nikamwambia sijui, labda nyingi ni mashine tupu katika chumba baridi. Lakini anayeijaza bila kuuliza hawezi kujua ni ipi, na anayeifuata ataamini kwamba iliulizwa.

Tukakubaliana juu ya safu tatu. Ya kwanza, seva zilizojibu, pamoja na siku na saa zilipojibu. Ya pili, zilizokaa kimya, na ziliulizwa mara ngapi. Akaamua kuziuliza tena asubuhi, mchana na usiku, siku tatu mfululizo, na kweli baadhi zikaamka. Ya tatu, zilizokataa. Hizi za tatu alitaka kuzichungulia kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa anajua njia. Nikamkatalia. Katika sensa ya 1978 mzee mmoja alinikaribisha vizuri, akanipa togwa, akanitajia wakubwa wote wa kaya yake, lakini watoto akakataa katakata kuwataja kwa idadi. Watoto hawahesabiwi, alisema, unawaita mabaya. Mwishowe aliwaita wote waje waniamkie mmoja mmoja, nami nikaandika. Hakunitajia hesabu, na mimi sikumnyang'anya. Anayekataa ana sababu yake, na kuandika "amekataa" ni jibu kamili.

Kazi ilitumwa Jumatatu usiku. Jumla ya mjukuu ilikuwa ndogo kuliko za wenzake, na nusu ya ukurasa wake ilikuwa maelezo ya asiyoyajua. Alipata alama za wastani. Mwenzake aliyejaza mapengo alimzidi. Alinipigia simu kunieleza, na nilisikia uchungu katika sauti yake. Sikuwa na la kumtuliza. Nilimwambia tu kwamba karatasi yake mtu akiichukua baada ya miaka kumi ataweza kuendelea pale alipoishia, maana atajua wapi hapajafikiwa.

Mwaka 2022 makarani wa sensa walikuja kwangu na vishikwambi badala ya penseli. Binti aliyenihoji alikuwa mwalimu pia. Taifa likahesabiwa kuwa na watu 61,741,120, na mimi ni yule mmoja wa mwisho au mmoja wa katikati. Kabla hajaondoka nilimwuliza anafanyaje na kaya asizozikuta. Akasema anarudi. Na asipozikuta tena? Anarudi tena.

Hilo ndilo ninaloweza kumwachia msomaji. Ukipewa idadi, iwe ya seva, ya wanafunzi, ya ng'ombe au ya waumini, uliza nani aliulizwa, lini, na nani hakujibu. Na kama wewe ndiye unayeandika, ukifika kwenye mstari mtupu usiogope kuuacha mtupu. Rudi tena kesho ukabishe hodi.